Parachichi la Ishirini na Moja

Simu ya dereva ilinikuta jikoni kwangu, Voi, saa nne asubuhi, mahamri mkononi na chai bado inatoka moshi. Tangu Jumatatu nilikuwa sijapata kukaa kitako. Leo Alhamisi ndiyo nilisema, Alhamdulillahi, mzigo umeondoka, na mimi ninywe chai kama watu.

"Madam," akasema, "tumeshikwa hapa kwenye mizani, Mariakani. Wanasema kontena ni zito kuliko makaratasi."

"Zito kwa kiasi gani?"

"Kama kilo mia nane na kitu."

Nikamwambia amesoma vibaya. Akasema si yeye anayesoma, ni mizani. Nikamwambia basi mizani ni mbovu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba wamemwambia azime injini, asiondoke, na asifungue chochote mpaka mwenye mzigo afike. Mahamri yale niliyarudisha kwenye sahani mazima.

Hebu niseme lilikuwa kontena gani, maana bila hivyo mtu hataelewa kwa nini chai niliiacha mezani. Sisi wa Voi tumezaliwa tunaona makontena yakipita. Yanashuka bandarini, yanapanda kwenda Nairobi na Uganda, mengine yanakata kona hapa kwetu kwenda Taveta na mpakani. Marehemu baba yangu alikuja na familia kutoka Mombasa akafungua duka kando ya barabara, na maisha yetu yote tulikula kwa madereva: sabuni, betri, chai ya rangi, mkate. Bandari kwetu ilikuwa kitu kinachopita. Vilivyopita ni vya watu wengine, na vyote vilikuwa vinakuja kutoka melini. Chetu sisi kilichoshuka kwenda kupanda meli sikuwahi kukiona.

Mpaka wakaja wanawake wa Mbololo. Huko milimani kila boma lina mparachichi, na kila msimu mabroka walikuwa wanapanda na magunia, wanachuma wenyewe, wanataja bei wenyewe, wanashuka. Mwanamke mmoja, mjane, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, akawakusanya wenzake wakaunda ushirika, yeye akiwa mwenyekiti. Akatafuta mnunuzi ng'ambo, akatafuta godauni nje kidogo ya mji wa Voi, akatafuta kontena la baridi. Halafu akasimama mbele ya wakulima kwenye uwanja wa kanisa, akasema msimu huu broka asipewe hata tunda moja. Wakamuuliza, na mpango ukianguka? Akasema: "Ukianguka, nitasimama hapa hapa, nimpigie broka simu mbele yenu, na sitashika tena uongozi wa kitu chochote, hata kwaya." Wanamjua. Hasemi neno akalivunja.

Kwa hiyo lile kontena lilikuwa msimu mzima wa watu wa Mbololo, pamoja na neno la yule mama. Meli ilikuwa inaondoka usiku wa Alhamisi, na lango la bandari kwa mzigo wa meli hiyo lilikuwa linafungwa saa kumi na mbili jioni. Ukichelewa, unangoja meli ya wiki nyingine, na parachichi lililokwisha chumwa halijui kungoja.

Mimi walinichukua niwe msimamizi wa godauni. Ujanani niliwahi kuwa karani kwa wakala mmoja wa forodha Mombasa, nayajua makaratasi ya bandari. Lakini nafikiri sababu ya kweli ni ulimi wangu. Mwenyekiti mwenyewe aliniambia, "Wewe una pilipili, mwanangu. Kazi hii inataka mtu wa kuogopwa." Nikacheka, nikaona nimesifiwa.

Tulifunga mzigo siku tatu. Meza ndefu, kina mama wenye kofia za nailoni na aproni, wengine wameshuka Mbololo, wengine ni wachuuzi wa soko letu la Voi. Katoni moja maparachichi ishirini, kilo nne. Jumatatu nilisimama juu ya vichwa vyao kama askari. Tulipima katoni baada ya katoni, zote zilikuwa kilo nne, nikaridhika. Jumanne ndiyo siku simu haikuniacha. Wakala anataka hiki, mwenye kontena anataka kile, mkaguzi wa mimea anasema atakuja saa nne, anafika saa nane. Nikawa natembea godauni na simu sikioni, napiga kelele.

Katikati ya kelele hizo, mama mmoja akanisimamisha. Huyu ananiuzia matunda sokoni miaka nenda miaka rudi, ana meza yake karibu na kwa wauza samaki wakavu. Alikuwa ameshika katoni imejaa, ishirini zimelala vizuri, lakini katikati pamebaki kijinafasi. "Dada," akaniuliza, "hapa tuache hivi hivi, ama tuongeze?"

Nami nikamjibu bila kuitoa simu sikioni: "Ala! Wewe sokoni unampa mtu haki yake tu, humwongezi? Sembuse mzungu anayenunua mara ya kwanza! Ongeza, mama, tusije tukaitwa wachoyo!"

Wote mezani wakacheka. Nikaenda zangu. Jumatano, katoni zilipokuwa zinapangwa na kufungwa kamba, niliziona zimenona, vifuniko vimeinuka kidogo, na wallahi nilifurahi. Nikasema hawa kina mama wana mkono mzuri. Kisha nikakaa nikachukua kilo nne, nikazidisha kwa hesabu ya katoni, nikajaza karatasi ya uzito, nikatia sahihi yangu chini. Kontena likafungwa sili, ile kufuli ya chuma isiyo na ufunguo, ambayo ukishaitia haitoki ila kwa kukatwa.

Sasa turudi Alhamisi.

Nilimpigia mwenyekiti. Alikuwa mjini tayari, ameshuka na gari la asubuhi ili awe karibu na simu. Tukakodi gari, tukaondoka Voi saa nne na nusu. Kabla hatujafika Maungu nilikuwa nimeshagombana na watu watatu.

Wa kwanza dereva wa lori. Madereva nawajua tangu nikiwa mdogo, wanapenda kubeba vya watu njiani. "Umepakia nini?" nikamwuliza. "Makaa? Mchanga? Sema!" Akasema, "Madam, kontena lina sili. Nitapakia wapi, kwenye tairi?" Nikamwambia asinijibu kihuni. Wa pili alikuwa mlinzi wa godauni. Nilimwuliza usiku wa Jumanne alimfungulia nani mlango. Mzee wa watu akaapa kwa watoto wake, na mimi nikamwambia viapo vya namna hiyo nimevisikia. Wa tatu fundi aliyetuazima mizani ya kupimia katoni. Huyo nilimwita mwizi, moja kwa moja, kwa jina la baba yake.

Mwenyekiti alikuwa amekaa kiti cha mbele, mkoba mapajani. Nilipoikata simu ya tatu akasema, "Ukiwamaliza wote hao, atabaki nani?"

"Mmoja wao ametufanyia ubaya, mama. Kilo mia nane hazianguki kutoka mbinguni."

"Hazianguki," akasema, akageuka kutazama barabara.

Tulipofika Mackinnon Road, penye msikiti ambao wasafiri husimama kuomba dua, yeye Mkristo ndiye aliyekumbuka. "Hapa si watu wa kwenu husimama?" Nikamwambia Mungu anaona saa kama tunavyoiona sisi. Nikasoma Fatiha ndani ya gari, macho yangu kwenye mshale wa mwendo wa gari.

Karibu na Taru simu yake ikalia. Nikamwona anatazama kioo cha simu muda mrefu kabla hajaipokea. Alikuwa ni broka. Sauti yake niliisikia mpaka kiti cha nyuma, sauti tamu, mtu anakupa pole huku anatafuna kitu. Alisema amepata habari kwamba mzigo umekwama, habari haina miguu lakini hufika. Alisema ana malori mawili Mombasa hayana kazi, anaweza kuja kuuchukua mzigo wote pale pale Mariakani kabla haujaiva, bei wataelewana. "Mwalimu, mimi si adui yako," akasema. "Mimi nitakuokoa aibu."

Nilitaka kumnyang'anya ile simu nimtukane mpaka akome. Mwenyekiti akasema tu, "Nimekusikia. Nitakupigia saa kumi," akakata. Nikamwuliza kama kweli atampigia. Akasema, "Saa kumi kama lori bado liko mizani, nitampigia. Watu wa Mbololo hawawezi kula neno langu." Nilimwona anafungua mkoba, anatoa leso, anajifuta shingo, anairudisha. Nikaingiwa na hofu ambayo sikuwa nayo asubuhi.

Tulifika saa sita na nusu. Jua la Mariakani mchana huo lilikuwa linauma. Lori letu limewekwa pembeni, jenereta ya kontena inanguruma, na dereva amekaa kivulini mwa tairi. Aliponiona alisimama, akanisalimia kwa heshima zote, na mimi sikumwomba radhi kwa maneno ya njiani. Nilipita.

Afisa wa forodha alikuwa msichana mdogo tu, angeweza kuwa binti yangu, mtandio umekaa sawa, sauti ya chini. Alikuwa na karatasi yangu mbele yake. "Hii sahihi ni yako, mama?"

"Ni yangu."

"Uzito ulioandika na uzito wa mizani haulingani."

Nikaanza. Nikamwambia mimi nimefanya kazi ya makaratasi kabla hajazaliwa. Nikamwambia mizani zao zinajulikana. Nikamwambia humo ndani ni jasho la wanawake, kuna meli inaondoka, kila dakika anayotuweka hapo ni dhambi juu yake. Alinisikiliza mpaka nikakosa pumzi.

"Mama, lori limepimwa mara tatu," akasema. "Mzigo unatoka Voi. Mbuga iko upande huu na upande ule. Wewe ni mtu mzima, unajua ni vitu gani watu wamewahi kuvificha chini ya chakula. Siwezi kuachia kilo mia nane nisizozijua zikaingia melini."

"Unatuita majangili?"

"Sijamwita mtu kitu. Nasema tutafungua. Mimi sina haraka. Mwenye meli ya kuwahi ni wewe."

Salaale! Majangili, sisi! Nilihisi damu inanipanda kichwani. Lakini nikamtazama mwenyekiti, nikaona midomo imemkauka, nikasema, haya, fungueni.

Kufungua si kazi ya kusema na kutenda. Ilibidi aitwe askari, aitwe mtu wa wanyamapori na mbwa wake, watafutwe wabebaji, na ukumbi wenye kivuli ambapo kulikuwa na lori jingine likikaguliwa mbele yetu. Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Nilikuwa natembea kati ya lori na mlango wa ofisi, nahesabu hatua, nahesabu tena. Dereva akaninunulia maji, nikayashika bila kuyanywa. Kila nikitazama, mwenyekiti yuko kwenye benchi, mkoba mapajani, simu juu ya mkoba.

Saa nane na dakika ishirini wakaikata sili kwa mkasi mkubwa. Milango ikafunguka, baridi ikatoka ikatupiga usoni, na harufu ya matunda yetu. Nilipowaza baridi ile inavyokwisha kwenye jua nilitaka kulia. Mbwa akapita, akanusa, akakaa. Hakuna kitu. "Umeona?" nikamwambia afisa. "Umeona sasa?" Akawaambia wabebaji washushe katoni, moja huku, moja kule, moja ya chini.

Akaweka ya kwanza juu ya mizani ndogo ya mezani. Akaandika. Akaweka ya pili. Akaandika. Kisha akafungua kifuniko, akaanza kuyatoa maparachichi moja moja na kuyapanga mezani, akihesabu kwa kidole, taratibu. "Karatasi inasema ishirini," akasema. "Hapa ni ishirini na moja."

Akafungua ya pili. Ishirini na moja. Ya tatu, ishirini na moja. Lile la ziada lilikuwa limekaa katikati, juu ya wenzake, limebanwa na kifuniko. Lilikuwa zuri, kubwa, ngozi safi. Mtu alilichagua.

Akanigeukia. "Mama, nisaidie. Hili la ishirini na moja ni la nini?"

Hapo ndipo nilipoisikia sauti yangu mwenyewe ya Jumanne, neno kwa neno, na kicheko cha meza nzima. Tusije tukaitwa wachoyo. Nikamkumbuka mlinzi na watoto wake aliowaapia. Nikamkumbuka fundi. Dereva alikuwa amesimama nyuma yangu, na sikuweza kugeuka kumtazama. Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu ulikuwa umeponza vichwa vya kata nzima.

Mwenyekiti akainuka kwenye benchi. Akaja mpaka mezani, akaligusa lile parachichi. "Hiyo ni nyongeza," akasema. "Kwetu ukimuuzia mtu unamwongeza. Hakuna wizi hapo, ni heshima. Mimi ndiye mwenyekiti, ni mimi niliwaambia wafanye hivyo. Andika jina langu."

Afisa akachukua kalamu. "Nikiandika kwamba ni wewe, mama, faili litasema mwenyekiti wa ushirika alitoa uzito wa uongo. Ushirika wenu utakuwa unafunguliwa kila mzigo. Lazima niseme ukweli huo kabla hujaweka sahihi."

"Andika," akasema mwenyekiti.

Sitaki kujifanya shujaa. Kuna kitambo pale, kama cha kuvuta pumzi mbili, ambapo nilitamani aandike. Nilikuwa nimechoka, niliogopa, na yule mama alikuwa ananipa mlango. Nilitazama saa ukutani, saa tisa kasorobo. Kisha nikaona amenyoosha mkono aombe kalamu atie sahihi, na nikaona aibu iliyonishinda nguvu.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Waliniuliza, nikawaambia waongeze, na sikupima tena. Nilisaini bila kupima. Kosa ni langu peke yangu."

Mwenyekiti akasema, "Mwanangu, nyamaza."

"Sinyamazi, mama. Leo nimesema ya uongo tangu asubuhi, niache niseme hili."

Nikamtazama yule msichana usoni. Sikuona huruma, wala hasira. Akaniambia maelezo yataandikwa na aliyesaini, kwa mkono wake, na kwamba kuanzia siku hiyo sahihi yangu haitakubaliwa kwenye karatasi ya uzito ya mzigo wowote. Ushirika utafute mtu mwingine. "Bandarini hakuna nyongeza, mama," akasema. "Meli inapangwa kwa uzito. Kila mtu akiongeza kidogo kwa heshima, itakaa upande."

Nikaandika. Mwandiko wangu ni mzuri, niliusomea, lakini ule wa siku hiyo ulikuwa wa mtoto. Walifungua katoni nyingine kutoka nyuma kabisa, za Jumatatu, wakakuta ishirini, na hiyo ikathibitisha maneno yangu. Wakarudisha mzigo, wakarekebisha karatasi, wakatia sili mpya. Lori likatoka saa kumi kasoro dakika tano. Mwenyekiti aliishika simu yake, akaitazama mpaka saa kumi ikapita, kisha akaitia mkobani bila kumpigia mtu.

Lakini kutoka Mariakani mpaka langoni si karibu, na jioni hiyo malori yalikuwa yamebanana tangu Mazeras. Sisi hatukufuata, tungeongeza gari barabarani tu. Tulikaa kwenye hoteli ndogo kando ya barabara, chai mbele yetu, simu katikati ya meza. Saa kumi na moja dereva akaandika yuko Miritini, hatembei. Saa kumi na moja na nusu akaandika bado. Nilikuwa nimeshika tasbihi yangu nimeisahau kuihesabu, naivuta tu. Mwenyekiti alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari.

Saa kumi na mbili kasoro dakika nane: "Tumeingia."

Nililia, tena kwa sauti. Watu wa hoteli wakadhani tumefiwa. Mwenyekiti alifumba macho, akashusha pumzi, akasema "Asante Yesu" mara moja, kisha akamwita mhudumu akaomba wali.

Njiani kurudi niliwapigia watu wangu watatu. Mlinzi alinisamehe kabla sijamaliza sentensi. Dereva akacheka, akasema ameshazoea. Fundi hakupokea, na mpaka leo tukikutana ananiitikia salamu kwa kichwa tu. Baada ya Maungu nikamwuliza mwenyekiti kile kilichokuwa kinanikaba: kama nimemwaibisha.

"Mwalimu akikosea hesabu ubaoni," akasema, "anafuta mwenyewe. Ndivyo inavyotakiwa. Umefuta." Kisha akaongeza, bila ukali: "Lakini unafuta watoto wameshanakili."

Wiki kadhaa baadaye mnunuzi alileta picha. Lile parachichi la ishirini na moja lilikuwa limekandamizwa na kifuniko safari nzima, likawakandamiza na wenzake wanne waliokuwa chini yake. Katoni nyingi zilikuwa na kidonda cheusi katikati. Yaliyooza aliyatupa, mengine akauza, na mwisho wa barua yake akasema anataka kontena jingine, na katoni ziwe na ishirini, ishirini tu. Mwenyekiti aliisoma barua hiyo kwenye uwanja wa kanisa, picha na yote. Watu walipiga makofi. Broka mwaka huo alipanda Mbololo, akashuka na magunia matupu.

Kisha mwenyekiti akaja nyumbani kwangu mwenyewe, hakutuma mtu. Akanywa chai, akala mahamri, akaniambia wamepata msimamizi mwingine, mwanamke wa Ndara aliyesomea mambo ya vyakula, na kila meza sasa ina mizani yake. "Nisingeweza kukuficha," akasema. Nilimwambia ninaelewa. Nilikuwa sielewi. Nilikasirika mwezi mzima, nikawa nikipita karibu na lile godauni nageuza uso. Sasa hasira imepoa. Nikisimama mlangoni pa duka la baba naona malori yanakata kona kuingia kwetu, yanatoka yakiwa na sili, yanashuka Mombasa na vitu vya watu ninaowajua kwa sura. Nafurahi, na roho inauma kidogo.

Juzi nilikwenda sokoni na kikapu changu. Yule mama wa meza ya karibu na samaki wakavu bado yupo. Msimu ukiwa umechanganya anafunga katoni godauni, ukipoa anauza hapa. Nikaomba maparachichi kumi. Akanihesabia, moja moja, kwa kidole, jinsi alivyofundishwa. La kumi lilipoingia kikapuni mkono wake ukaenda kwenye fungu, kama unavyokwenda tangu tufahamiane. Ukasimama hewani.

"Dada," akaniuliza polepole, "nikuongeze?"

Miaka yote hiyo hajawahi kuniuliza. Kitu hicho hakiulizwi. Nikasema kwa ule ukali wangu, maana ndio ninao: "Mimi si kontena, bwana! Ongeza!"

Akacheka, nami nikacheka, na wauza samaki wakacheka bila kujua. Akachagua moja, zuri. Akalipima kwanza kiganjani, juu chini, juu chini, ndipo akalitia kikapuni.